Dakika Saba za Wifi Yako

Dada yangu,

Huku tu wazima, ila nimekuwa nikimshuku wifi yako.

Habari ya baridi yabisi yangu unaijua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniagiza nitembee sebuleni dakika kumi kila asubuhi, nisizidishe hata nikijisikia nina nguvu. Mwezi uliopita nilizidisha. Magoti yalivimba, nikalala siku tisa, wifi yako akinifunga vifungo vya shati. Karakana imenishikia meza yangu ya useremala hadi tarehe mosi tu.

Tangu hapo yeye ndiye anayeshika saa ya jikoni. Jumapili kengele ilipolia nikamwambia, "Mbona mapema?"

"Saa haina upendeleo, baba watoto. Kaa chini."

Jumatatu nikaficha saa yangu ya mkono mfukoni. Dakika saba. Jumanne saba, Jumatano saba. Nikajiuliza kama hataki nirudi kazini.

Lililobaki liishie kwako. Kila asubuhi, kabla hajaniita, mimi hujifungia bafuni nikachuchumaa na kuinuka kwa dakika tatu. Hufungua bomba ili maji yafiche mlio wa magoti.

Jana sikufanya. Nilikaa tu kwenye ndoo, bomba likimwaga maji. Tulipoanza kutembea, kengele ililia dakika ya kumi kamili. Leo magoti hayajavimba.

Tarehe mosi nitafute karakanani. Na ukiongea na wifi yako, usimwambie kwamba najua alikuwa akiyasikia magoti na kuzihesabu zile tatu za bafuni.

Kaka yako