Waliosimama Nyuma Yako

Mama,

Uliniambia nisikutajie. Jioni ile ya mchujo nilikufuata jikoni, majina yote yakiwa mdomoni, ukaniinulia mwiko. "Feza, usinitajie. Nikibajua, nitashindwa kubasalimia." Nikayameza. Lakini sasa huna tena wa kumsalimia, na mimi nimechoka kuyameza. Sikiliza.

Ile desturi ya kontena sijui aliianzisha nani. Wanasema ni kwa ajili ya amani. Wagombea wanageukia kontena la ofisi ya koperative yetu ya wachimbaji, wanachama tunapanga mstari nyuma ya yule tunayemtaka, na mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka mistari ivunjwe, ili kesho mtu asimshikie mwenzake kamba ya kushukia shimoni akiwa na kinyongo. Haya. Kwa hiyo wewe uliona bati, mimi nikaona watu.

Ulitaka upande wetu, mtaa wa Kapata, ukuchague, kisha upambane na mgombea wa upande wa pili, uwe prezida, mkuu wa koperative yote. Ukishinda, wanawake wangepata bwawa safi la kuoshea madini, waache kuinama kutwa nzima kwenye yale maji mekundu yaliyokula ngozi ya miguu yako. Hakuna aliyekupinga kwa mdomo. Walikusifu, Mama, walikusifu mpaka nikaanza kuogopa. Halafu maneno yaleyale nyumba kwa nyumba: "Mi ningemuchagua, lakini bale bengine habatakubali mwanamuke." Nikawaendea hao wengine. Nao wakanitajia wengine. Nilizunguka Kapata nzima nikiwatafuta watu wasiomtaka mwanamke, sikumpata hata mmoja.

Wakimaliza uanamke wako, wanaingia kwenye asili yako. Eti babu yako alikuja na lori kutoka mkoa wa Maniema. Eti wewe ni wa kuja, upande wa pili watatucheka kwamba tumekosa mtu wa hapa. Wewe uliyezaliwa Kapata, kwenye nyumba ya kampuni ya madini! Hata vijana waliofika mwaka jana na mfuko mmoja mgongoni, Kiswahili cha hapa bado kinawakwama, nao wakakuita wa kuja.

Basi nakutajia. Mama Kibawa, mwenzako wa kuoshea madini karai moja miaka yote. Asubuhi ya mchujo yeye ndiye aliyekufunga kitenge. Akakifunga vizuri, akakupangusa bega, akaenda kusimama nyuma ya mpinzani wako, Tata Kaumba. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mwanamke haruhusiwi kukaribia shimo, madini yanakimbia, sasa prezida atakagua mashimo namna gani? Alisema hivyo na miguu yake ina vidonda kama yako. Waoshaji wenzenu karibu wote walimfuata.

Na Tata. Mume wako, baba yangu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akajipenyeza katikati ya mstari wa Kaumba. Nilipombana baadaye alinijibu bila haya: "Bangesema kwangu mwanamuke ndiye anaongoza."

Mstari wako ulikuwa wa kukaa kwenye benchi moja, Mama. Walipoivunja mistari ukageuka, ukatabasamu, ukampa mkono kila uliyekutana naye. Tata ukamshika kwa mikono yote miwili, ukamwambia asante kwa kusimama na mimi. Naye akaipokea ile asante. Hilo ndilo siwezi kulisamehe.

Kifua kikakuchukua kabla ya uchaguzi wenyewe. Ulizikwa na watu wengi sana. Siku hiyo hakuna aliyeuliza wewe ni mtu wa wapi. Kumbe kwenye udongo wa hapa ulikuwa na nafasi yako tangu zamani.

Sasa sikia walichovuna. Upande wa pili walimsimamisha mwanamke. Mwanamke, Mama! Tena si wa Kapata wala wa mji huu wa Kolwezi, ametoka mbali, Sandoa, juzijuzi. Upande wake wote ukasimama nyuma yake, hakuna aliyesema bengine habatakubali, na akamshinda Kaumba mchana kweupe. Bwawa amelichimba, safi kabisa, ila ni la wanawake wa upande wake. Mama Kibawa bado yuko kwenye maji mekundu. Nilipita pale nikamwona ameinama, nikacheka peke yangu mpaka nikapaliwa. Wewe ungenikemea, najua.

Kwenye arobaini yako walikuja wote. Wakala pilau, na kila mmoja akaapa kwamba siku ile alikuwa na wewe. Kama wangekuwa wanasema kweli, mstari wako ungefika barabarani. Kisha Tata akasimama, akajifuta macho, akasema, "Mi nilikuwa nyuma yake mpaka mwisho."

Nikaweka sinia chini. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Tata, ulikuwa nyuma ya Tata Kaumba, katikati ya mstari, na kofia umeishusha."

Mikono yote ikasimama kwenye pilau. Mama Kibawa akawa anauchunguza mfupa wake. Tangu siku hiyo Tata anakula kwa mdogo wake, na mimi sijatuma mtu kumwita.

Juzi wamenijia. Mchujo mwingine unakaribia na wanataka nisimame mimi, kwa sababu eti sasa wameona kwamba mwanamke anashinda. Mama Kibawa ndiye msemaji wao, ameniletea na kuku. Nimekubali, na kuku nimemla. Ila nimewapa sharti moja: kontena sitaligeukia. Wamelalamika kwamba desturi ni desturi, kwamba nitaleta chuki mashimoni. Nimewaambia chuki ipo, ilikuwa inakosa macho tu. Bado wanajadiliana, na watakubali, maana hawana mtu mwingine.

Lala salama, Mama yangu. Hukutaka kujua, ili uweze kusalimia watu. Mimi nakuahidi hivi: nitaupa mgongo ukuta wa kontena, uso nitawapa wao, na kila mmoja atakapokuwa anachagua pa kwenda nitamsalimia kwa jina lake, kwa sauti, kama ulivyonilea. Nitaanza na Tata.

Mwanao,
Feza