Daftari la Dakta Blumenau

Marburg, 12 Novemba 1947

Kwako dada Hedwig,

Pokea salamu za mdogo wako. Je, kifua cha mama kimepoa? Watoto wamepata viatu vya baridi? Mimi si mgonjwa; nisamehe mwandiko huu wa haraka.

Jana Profesa Lassahn, ninayempigia taipu miaka yote hii, alianza mihadhara ya kitabu chake kipya. Ukumbi haukuwa na makaa. Wanafunzi walikaa na makoti yao ya jeshi. Aliwaambia kwamba ulimwengu upo, tuuwaze tusiuwaze, na tunajua ni halisi pale unapotugomea. Vijana wale waliotoka vitani waliandika kila neno.

Akasoma: "Binadamu hajikuti mwenyewe kwanza…" Kabla hajaendelea, mwanamke mwenye mvi akasimama nyuma, akamalizia: "…humkuta mwenzake, akimtazama, akingoja jibu."

Profesa alimwuliza kwa upole ameyasoma wapi maneno hayo, maana kitabu bado kiko kwa mpiga chapa.

"Sijayasoma," akasema. "Kaka yangu Selmar alinisomea jikoni kwetu, mwaka thelathini na tano. Nilikuwa namenya viazi."

Profesa alikusanya karatasi zake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Unamkumbuka Dakta Selmar Blumenau, Hedwig? Alifundisha humo humo mpaka akafukuzwa kwa kuwa Myahudi. Baadaye serikali ya wakati ule ilimpeleka kwenye kambi za mashariki, hakurudi.

Nilimfuata dada yake, Bi Rahel, ngazini, nikampa pole. Akaniambia kuna binti wa taipu aliyeachiwa daftari la Selmar. Anamtafuta, anahofu naye alidhurika kwa ajili yao. Nikamjibu simjui.

Hedwig, binti huyo ni mimi. Dakta alinikabidhi daftari kabla hajachukuliwa, nimtunzie. Profesa aliposikia ninalo, niliogopa kupoteza kazi, nikampa. Mwaka huu nikalipiga taipu lote. Nilipomwuliza jina la mwandishi, alisema tu, "Unajua la kuandika, Bi Irmtraud." Nikaandika lake.

Leo asubuhi nilikwenda anakolala Bi Rahel, nikamweleza yote. Hakunitukana. Nilitamani hata anipige. Kisha akasema yeye anakumbuka sentensi ile moja tu, basi nimwambie zilizobaki. Nilikaa naye hadi saa nane, nikizitoa kichwani moja baada ya nyingine.

Mama usimwambie bado; nitakuja mwenyewe. Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Irmtraud