Ndoo ya Bibi wa Myamba

Dada Naeli, shikamoo. Huku Myamba ukungu hauondoki hata saa sita mchana. Leo wanakwaya tulimtembelea bibi mgonjwa, akatuambia hana maji tangu jana. Tukafumba macho, tukamwombea kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Jirani aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe akautua mlangoni, akachukua ndoo, akateremka bombani. Tulipofumbua macho, bibi alikuwa anakunywa.

Dada, nilishindwa hata kumwangalia yule jirani. Wewe unamwogesha Baba peke yako kila asubuhi, nami nakuandikia kwenye simu, "Nakuombea." Jumapili narudi. Jumatatu usiamke mapema. Baba nitamwogesha mimi.

Mdogo wako,
Eliza