Honi Imerudi Usukanini

Jumanne, 2 Septemba 2025

Tumemzika Luka. Nimerudi na vumbi la makaburini mpaka kwenye nyusi. Upepo wa Septemba hauna adabu hata kwa marehemu.

Luka wa duka la vitambaa, jirani yangu pale Majengo. Nguo zote ninazoshona, kitambaa alikata yeye. Aligonga lori lililoharibika barabarani, na wanasema hakuwa na mwendo mkali. Usukani ukamvunja kifua. Ile eabegi, mfuko wa hewa unaotakiwa kuchomoka katikati ya usukani umkinge dereva, haikutoka. Mkewe Anna anasema taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka siku zote, mpaka fundi mmoja akaichomoa balbu ili isiwakere.

Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Nikaiweka chini. Taa hiyohiyo inawaka kwenye gari letu! Au tuseme ilikuwa inaonekana, maana Gerson aliibandika solotepu nyeusi. Mume wangu huyo. Kwake tatizo likifunikwa limekwisha.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Nimemwomba Gerson tulipeleke gari kwa fundi. Kasema linawaka, linakwenda, linasimama, nataka nini zaidi. Nikamwambia nataka asife. Akacheka, akaniuliza kama nimeanza kuota.

Kila wiki anakwenda Haneti kwa mama yake kuchukua alizeti. Barabara yenyewe ni ya mabasi ya Arusha. Na gari lenyewe la zamani, la Kijapani, lina mambo yake. Honi ilikufa tangu mwaka jana. Gerson akafunga kitufe cha kengele ya mlangoni, nyuma ya hendibreki kati ya viti, na akajiona mhandisi. Anitha hukaa kiti cha nyuma, mkanda kiunoni, ananyoosha mguu na kubonyeza kwa kidole gumba. Baba anasema, "Honi!" na mtoto wa miaka minne anaipiga kwa mguu. Mtaa mzima wa Ipagala unatujua kwa hilo.

Siwezi kushona. Leo nimeweka mkono wa kulia wa gauni la mteja upande wa kushoto. Gerson akitoka tu naona kifua cha Luka. Nimelia chooni, Anitha asinione.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimeshinda. Nilimwambia Gerson kesho mimi na mtoto tunakwenda kanisani kwa miguu, na wote watakaouliza nitawajibu. Akawasha gari.

Tukaenda kwa Asif, fundi umeme wa magari, nyuma ya soko. Anaongea kuliko redio, lakini anajua. Hata kabla hajafungua kitu akauliza kama honi inafanya kazi. Gerson kwa fahari akamwonyesha kitufe chake. Asif akashika kichwa.

Nimeelewa hivi, na naandika ili nisisahau. Nyuma ya usukani kuna kikasha cha duara. Ndani yake umekunjwa utepe wenye nyaya, sawasawa na futi yangu ya kupimia inavyojikunja. Usukani ukizungushwa, utepe unajikunja na kujikunjua, nyaya zisikatike. Umeme wa honi unapita humo. Wa mfuko pia unapita humohumo! Utepe wetu umekatika. Siku honi ilipokufa, mfuko nao ulikufa.

"Honi iliwatangulia kuwaambia," Asif akasema. "Nyie mkainunulia kitufe."

Mafundi wengine pale wakacheka sana. Gerson hakucheka.

Asif akachomoa betri, kisha akatuketisha tunywe kahawa kwanza, maana kile kitu hubaki na umeme ndani hata betri ikitoka. Mimi nikawa mwanafunzi. Gari likigonga kwa mbele, kuna kijicho kinachohisi. Kinapeleka umeme kwenye waya wa njano. Unafika kwenye fataki ndogo iliyomo usukanini, fataki inalipuka, gesi inaujaza mfuko kabla hujafumba jicho. Waya ni wa njano ili mtu asiukate kwa bahati mbaya. Akanipa mfuko wa zamani uliokwisha kutoka kwenye gari jingine, nikauangalie mwenyewe. Nimeubeba kwenye mkoba kama samaki.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mfuko uko juu ya cherehani. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Kitambaa kimebana, uzi umerudiwa mara mbili, pindo halina hata uzi unaoning'inia. Nyuma una matundu mawili. Nikadhani panya! Nimempigia Asif, akasema hapana, matundu ni ya kutolea hewa, ili kichwa kizame na kisirudishwe.

Nimeuweka shavuni. Laini. Anitha ameulalia mchana wote chini ya meza yangu huku nashona, mate yanamtoka. Nikajisemea huu ni mto wa malaika. Tangu msiba, leo ndiyo mara ya kwanza nimekula nikashiba.

Mungu, Asif apate huo utepe. Apate tu.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Umepatikana! Umefungwa!

Ukiwasha gari taa nyekundu inawaka, inatazama kidogo, halafu inazima yenyewe. Nimemfanya Asif awashe na kuzima mpaka akachoka. Honi nayo imerudi mahali pake, katikati ya usukani. Kitufe cha mlangoni kimeng'olewa. Anitha alilia kana kwamba amefiwa. Mguu wake hauna kazi tena.

Asif alimwambia Gerson asiubane usukani, aache nafasi ya mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Gerson akajipima kama anayeshonewa koti. Tukacheka wote. Nimechinja kuku. Nimemwambia mume wangu asante, naye akasema amefanya kwa ajili ya kelele zangu. Sawa. Kelele zimesaidia.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Gerson kapata dawa ya kilio cha Anitha. Baada ya ibada amempakata mapajani, akampa honi. Pi! Pi-pi! Wakazunguka uwanja wa kanisa, wazee wa kanisa wakipunga mikono, halafu hivyohivyo mpaka nyumbani. Mkanda umewazunguka wote wawili. Mtoto anabonyeza kwa viganja viwili na kidevu chake kiko juu ya usukani. Nimecheka mpaka machozi. Nimewapiga picha.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nilikuwa naikuza ile picha nimtumie mama mkwe. Juu ya kichwa cha Anitha, kwenye kikinga jua, kuna ile karatasi ya Kijapani. Ipo tangu tulipolinunua gari. Gerson huwaambia wageni imeandikwa "karibuni". Kumbe ina mchoro. Mtoto. Mbele yake kitu kilichovimba. Mstari mwekundu umekatiza.

Nimemtumia Asif. Amejibu kwa sauti, na safari hii hakutania.

"Dada, mtoto asikae hapo kabisa. Ule siyo mto. Ni laini ukishamaliza kazi. Wakati unatoka ni ngumi. Mtu mzima aliyekaa mbali unamkuta umeshajaa. Mtoto wa mapajani unamkuta ndiyo kwanza unatoka, na kichwa chake kiko palepale mlangoni unapotokea."

Niliupima kwa kitambaa. Mimi, fundi cherehani, niliupima kwa kitambaa!

Gari lilipokuwa bovu mtoto wangu alikaa nyuma, na mkanda. Limepona, sasa yuko mlangoni. Nimelitengeneza mimi. Kwa kelele zangu.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimemsikilizisha Gerson sauti ya Asif. Akaizima katikati. Anasema yeye kakulia mapajani mwa baba yake kwenye trekta huko Haneti, na yuko hai. Nikamwambia trekta halina fataki kifuani. Anasema anakwenda polepole. Nikamtajia Luka. Akasema nisimwombee mabaya mwanawe.

Nikamwomba jambo moja tu, arudishe kitufe. Anitha akae nyuma, apige kwa mguu kama zamani. Hapo ndipo alipopandisha sauti.

"Nirudi kwa Asif nikachekwe tena? Wewe ndiye uliyetaka mfuko ufufuke. Sasa unataka ufe tena?"

Ndiyo. Ndiyo, nataka ufe! Sikuweza kulisema. Maana ukifa, Gerson ndiye Luka. Ukiwa hai, ni Anitha. Gari moja, na mimi nimeambiwa nichague.

Wala si kweli. Mtoto akikaa nyuma wote wanapona. Jambo dogo hivyo! Lakini aibu ya mwanaume haioni dogo.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Asubuhi, Gerson akiwa bafuni, nimefungua boneti nichomoe betri. Spana niliyookota haikuingia. Nikainama chini ya usukani, nikauona waya wa njano. Nimekaa nao macho kwa macho, na mkasi wangu wa vitambaa mkononi. Nikakumbuka kahawa ya Asif. Nikaogopa. Ungenilipukia usoni na Anitha angebaki na nani wa kumpigia kelele?

Nimempigia Asif. Yuko Singida kwa kazi, anarudi Jumatatu. Kasema nisiguse chochote. Kasema pia, taratibu, kwamba mfuko ukikatwa Gerson hana kinga, kwa hiyo dawa si waya. Najua, fundi! Dawa ni mtu, na mtu hatengenezwi kwa spana.

Nimeficha ufunguo kwenye mkebe wa vifungo. Gerson ameutafuta nyumba nzima. Ameondoka kwa bajaji bila kuaga. Anitha ananiuliza kwa nini honi imenuna.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Hatusemeshani. Chakula amekula. Ufunguo bado uko kwenye vifungo. Nimeugusa kila nilipohitaji kifungo, na hata nilipokuwa sikihitaji.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Naandika dukani, Majengo. Naandika haraka, sijui kama nitasomeka.

Nilimwacha Anitha kwa Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Asubuhi hii ametuma ujumbe kwamba baba yake Anitha amekuja kumchukua, na mtoto alikuwa anaruka kwa furaha. Amekuja na gari. Gari! Ufunguo ninao mimi. Kumbe wa akiba ulikuwa kwa kaka yake Gerson miaka yote, mimi ndiye sikujua.

Halafu ujumbe wa Gerson mwenyewe: *Tunakwenda kumsalimia Bibi. Tunakwenda taratibu. Usikasirike, Mama Anitha.*

Nikapiga. Akapokea, sauti imewekwa wazi, upepo unavuma dirishani. Nikamuuliza Anitha amekaa wapi. Akasema amekaa vizuri. Nikamuuliza tena, amekaa wapi, Baba Anitha? Akasema barabara ni nyeupe, hakuna magari. Hapo honi ikalia. Pi! Pi-pi! Na sauti ya mtoto, karibu kabisa na simu, karibu kuliko ya baba yake:

"Mama, nimepiga mimi! Kwa mikono!"

Nikasema rudi nyuma mwanangu, rudi kiti cha nyuma, Mama anakuomba. Sijui kama alisikia. Simu ilikatika. Tangu hapo haipatikani. Mtandao wa njia ile naujua, unakuja na kupotea, kwa hiyo si lazima iwe kitu. Si lazima.

Nimesali. Nimemkasirikia Gerson, nimemwombea, nimemkasirikia tena. Mteja amekuja kuchukua sare, nimempa ya mtu mwingine. Ule mfuko wa zamani uko chini ya meza palepale Anitha alipolala, una alama ya mate. Siwezi kuutazama na siwezi kuutupa.

Nimempigia mama mkwe. Shikamoo Mama, wamefika? Bado, akasema, lakini uji uko tayari, na amemchemshia mjukuu mayai. Nikamsihi wakifika asimruhusu Gerson kurudi na mtoto, abaki naye, nitamfuata kwa basi. Akacheka, akaniuliza tumegombana nini. Nilikuwa naanza kumweleza. Akanikatiza.

"Wamefika hao. Naisikia honi kule barabarani."

Nikashukuru kwa sauti, watu wakageuka. Nikasema asante Mungu, asante. Mama mkwe akasema mjukuu wake leo ana nguvu, kaikandamiza tu.

Nikamuuliza, honi inalia kwa kukatakata au mfululizo?

"Mfululizo. Ameishikilia. Mbona baba yake hamkatazi?"

Anitha hupiga pi, pi-pi; honi isiyokatika ni ya mtu aliyeuangukia usukani. Nimemwambia akimbie. Nimemwambia Mama, acha uji, kimbia. Simu hakuikata. Ninayo sikioni, na mkono wa pili unaandika, maana nisipoandika nitapiga yowe humu dukani. Nasikia kandambili zake. Nasikia anahema, anamwita mtu kwa Kigogo, mwanaume anamjibu, sielewi. Na nyuma yao honi. Sasa iko karibu zaidi. Haikatiki. Sauti moja tu, ndefu.

Mama, unaona nini?

Hajibu. Anakimbia bado. Nimeziba sikio la pili kwa kiganja, natega nisikie kama ndani ya honi hiyo kuna mtoto anayecheka