Milango Iliyogoma Kufunga

Ofisi ya Kumbukumbu,
Chini ya ngazi kuu.
Alhamisi, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unapanda ngazi bila fimbo, nikafurahi sana. Na Mkazamjomba, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu, na leo naandika haraka haraka.

Ile kazi niliyoiomba nimeipata. Ni karani wa kumbukumbu katika jumba lile lile mlilolijenga, la ghorofa kumi na mbili, lenye lifti za vioo na bwawa la kuogelea juu ya paa. Marumaru ya ukumbini inang'aa hata naona haya kuikanyaga. Jumamosi jumba linatimiza miaka arobaini, na meneja ameniagiza niandike kijitabu cha historia yake, wageni wagawiwe huko juu kandokando ya maji.

Nilianza na fomu za matengenezo, maana ndizo zilizotunzwa vizuri. Nilitarajia balbu na mabomba. Nikakuta milango. Mlango wa ghorofa ya pili umegoma kufunga, upunguzwe. Wa juu yake nao upunguzwe. Mwaka baada ya mwaka ni nyumba zile zile za upande wa nyuma. Nilipozipanga fomu kwa tarehe niliona kwamba zinakuja kwa mafungu, na kila fungu limefuata wiki ambayo bwawa lilijazwa. Miaka sita iliyopita pampu iliharibika, bwawa likabaki tupu. Tangu hapo hakuna mlango uliogoma.

Nilimwuliza seremala wetu, tunayemwita Randa. Alinitazama kama anayepima ubao.

"Mlango ukivimba mara moja, ni mvua," alisema. "Ukigoma kila bwawa likijaa, mlango hauna kosa. Fremu ndiyo inayokaliwa na uzito wa juu."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nilisema, mdogo wangu. Wakaninunulia randa mpya."

Chini kabisa ya faili la ujenzi nilikuta barua yako, Mjomba. Umeandika kwamba nguzo zilichorwa kubeba ghorofa nane, kwamba wewe msimamizi wa zege hutamwaga la ghorofa ya tisa, na kwamba umebandika kipande cha kioo juu ya ufa katika nguzo ya nyuma. Siku kitakapokatika, watu watoke. Chini yake pana mstari mmoja wa wino mwekundu: aachishwe kazi leo.

Nyumbani tulilelewa na hadithi nyingine. Tuliambiwa kiburi ndicho kilichokuponza. Kila nilipokaidi, Mama alisema mkataa pema pabaya panamwita, mtazame mjomba wako. Nami nilicheka pamoja na wengine. Nisamehe.

Nguzo hiyo imo humu ofisini mwangu, nyuma ya kabati. Jana Randa alinisaidia kulisogeza. Kioo chako kipo, na tarehe uliyoichora kwa msumari kwenye saruji bado inasomeka. Kimekatika katikati. Penseli yangu inapita kati ya vipande viwili.

Nilimpelekea meneja barua na fomu zote. Hakufoka, na heri angefoka. Alinipa kiti, akasema, "Kijana, historia ya jumba ni kama picha ya harusi. Waliogombana hawaingizwi." Akaitia barua yako kwenye droo. Sikumwambia kwamba nilishainakili. Nakala niliipeleka ofisi ya ukaguzi wa majengo, nikaahidiwa kwamba mkaguzi atakuja Jumatatu. Sherehe, kama nilivyosema, ni Jumamosi.

Pampu imetengenezwa kwa ajili ya sherehe, na leo asubuhi wamefungua maji ya kujaza bwawa. Tangu saa mbili nayasikia yakipanda ndani ya bomba lililo kando ya meza yangu, na sasa ni saa nane. Ghorofa ya pili kuna mama anayefundisha watoto piano. Nawasikia wakikosea pale pale, wakianza upya.

Nilikusudia kukuuliza, wewe unayezijua nguzo hizi, kama naogopa bure. Unanijua, mimi kuogopa sichelewi. Lakini nimeinuka sasa hivi nirudishe mlango wa ofisi, nisionekane nikiandika barua saa za kazi. Asubuhi ulifunga. Nimeusukuma kwa bega, haufungi.

Basi sihitaji jibu. Kengele ya moto iko ukutani, hatua kumi na moja kutoka hapa. Nitaipiga, kisha nitagonga mlango mmoja mmoja, nikianza na wa mwalimu wa piano. Nimemwita Randa auone mlango, naye ameshapanda kufunga maji. Watasema nimerukwa na akili, na kesho sitakuwa na kazi. Barua namkabidhi tarishi, naye nitamwambia asirudi ndani.

Nisalimie Mkazamjomba na binamu zangu wote wawili. Ukizungumza na Mama kabla yangu, mwambie nimekaidi, tena nimemtazama mjomba wangu kama alivyoniagiza. Niandalieni kitanda. Na Mungu azishike nguzo zako mpaka mtu wa mwisho atoke.

Akupendaye daima,
Mpwa wako