Meza Isiyo na Ngano

Jumatatu, 3 Machi

Dada amepiga simu. Anakuja – au tuseme anapita. Anakwenda kupasuliwa jicho katika hospitali ya mbali, na treni yake itasimama hapa Jumapili ya tarehe 16 adhuhuri, iondoke alasiri. Masaa matatu. Tumeachana miaka arobaini na minane: makaratasi, mipaka, kisha uzee. Na sasa masaa matatu.

Nilimwambia aje nyumbani, binti yangu atapika. Hataki. Kwetu ni mwendo wa saa nzima, ataishia kuangalia saa. Anataka mkahawa ulio karibu na stesheni, wenye meza na kitambaa. Mara ya mwisho tulikula tumesimama, nyuma ya lori. Akasema safari hii tukae kitako, we mtoto. Nina miaka sitini na tisa.

Sikumwambia habari ya ngano.

Ni mwezi wa nane tangu daktari anipe jina la ugonjwa: seliaki. Ngano, shayiri, nafaka ya rai, hata chembe ikipita kooni, utumbo wangu unajishambulia wenyewe. Sijakanyaga mkahawa tangu vile viazi vya kukaanga vya Agosti mwaka jana. Viazi havina ngano, nilijisemea, msomi mzima. Kumbe mafuta yalikuwa yamekaangiwa samaki wa kupakwa unga. Siku tatu. Binti alinikuta nimelala sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae.

Nitakula na dada. Hilo limekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimezunguka mikahawa mitatu, yote mbele ya stesheni.

Wa kwanza, kijana wa mlangoni alicheka. Ngano kidogo haiui, mzee. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti – nikamshukuru, nikatoka.

Wa pili wanaoka mikate humo humo. Mwenyewe alikuwa mkweli: hapa unga uko hata kwenye nyusi zangu. Kweli ulikuwepo. Nimemheshimu.

Wa tatu una vitambaa vyeupe, madirisha mapana, na mhudumu wa makamo mwenye tai ya kipepeo iliyopinda upande. Alimwita mpishi, mama mnene mwenye mikono mifupi yenye nguvu. Nikauliza kama supu ina ngano. Hata kidogo, mzee wangu. Nikauliza imekuwaje nzito hivyo. Ah, hapo nimetia konzi ya unga, ya kuipa mwili tu.

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kwake ngano ni kitu kilichoko shambani, na unga ni unga.

Alhamisi, 6 Machi

Binti kanikalisha. Mwambie shangazi, baba, ni neno moja. Au chukua kibakuli chako kama unavyofanya kila mahali.

Nimfungulie dada kibakuli? Baada ya miaka arobaini na minane?

Binti hajui yote. Siku ile nyuma ya lori tulikuwa na mkate mmoja. Dada aliuvunja, akaupima kwa macho, akanipa kipande kikubwa. Akasema yeye ameshakula. Nikaamini, nikala. Kisha wakatupandisha magari tofauti, na ndiyo yakawa hayo. Miaka kumi baadaye barua ya jirani yetu wa zamani ikanieleza: dada alikaa siku mbili bila kitu, na kile kipande kidogo alimpa mtoto wa watu.

Daktari anadhani huenda nimeishi na ugonjwa huu tangu ujanani. Sasa nimwambie nini mtu huyo? Kwamba ule mkate ndio uliokuwa ukinila?

Nitamwambia baadaye, kwa barua. Mezani nataka tule tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sikupata usingizi, nikafungua sanduku la kazi. Brashi zangu zote zimo. Miaka thelathini na sita nilijalidi vitabu, na gundi yetu ilikuwa unga wa ngano na maji, basi. Kila jioni mikono yangu ilitoka humo myeupe mpaka viwikoni. Ukiniuliza ngano ni nini nitakwambia ni kitu kinachong'ang'ania. Brashi iliyosuuzwa kwa maji matupu ilikauka ikawa kijiti. Fundi aliyenifundisha hakugomba na wanafunzi wavivu. Alidondoshea brashi tone la iodini. Palipobaki gundi pakawa peusi. Huna la kujitetea.

Nimepita duka la dawa. Kichupa kimoja, cha kahawia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda ule mkahawa wa tatu saa tisa, jiko likiwa limepoa. Mpishi alikuwa ameketi juu ya kreti, miguu ndani ya beseni. Akaniuliza nimekuja kula au kukagua. Nikamwambia nimekuja kuomba.

Nikamweleza habari ya dada, yote. Sikupanga. Mhudumu wa tai alisimama mlangoni na trei tupu, akasahau anakokwenda.

Mpishi akasema ataniwekea chakula safi, neno lake hilo. Nikaomba kuona mwiko wa supu. Akautoa kwenye ndoano – umeoshwa, unang'aa. Nikaomba ruhusa, nikadondosha. Tone la kahawia likageuka bluu, kisha likawa jeusi pale shingo ya mwiko inapoungana na kichwa.

Mhudumu akasema, haya, tumeshikwa.

Nikawaeleza ukweli wote: iodini haina macho ya kutambua ngano, hata wali na viazi vitaigeuza nyeusi. Inaonyesha tu kilichobaki baada ya kuosha. Mpishi hakunisikiliza. Alikuwa ameshachomoa miguu kwenye beseni. Aliusugua ule mwiko kwa sabuni na waya wa kusugulia mpaka nikamwonea huruma, akanyoosha mkono: tia tena. Tone likabaki kahawia. Basi akaniletea sufuria, chujio, kisu. Ubao wa kukatia ulishindwa mara tatu, una nyufa kama kisigino. Akauangalia kama mtu aliyesalitiwa na mumewe. Miaka kumi na tisa na huu ubao, akasema.

Atanunua mpya. Sufuria mpya pia, na mwiko wake, vifungwe utepe mwekundu. Supu hapana. Samaki ndani ya karatasi ya foili, wali, mchuzi wa nyanya usiotiwa kitu. Nije Ijumaa tujaribu.

Nimerudi kwa miguu, nusu ya njia nikipiga mluzi. Sijui ulitoka wapi.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio. Nilivaa shati la mikono mirefu, kana kwamba naenda kuoa.

Sahani ilikuja na mhudumu, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Samaki, wali, mchuzi pembeni. Na juu ya wali, kipande cha mkate.

Alikiona wakati mmoja na mimi. Akakinyakua, akakiweka mfukoni. Kimetoka, mzee, hakijakaa hata dakika. Maskini, miaka ishirini mkono wake unaweka mkate kwenye sahani bila kumuuliza.

Kabla sijajibu mpishi alishatoka jikoni. Nimeandika maneno yake kama yalivyokuwa.

"We bwana, ukitumbukiza kidole kwenye chai yangu halafu ukakitoa, nitakunywa?"

"Kidole chenyewe kisafi."

"Toa hiyo sahani. Na mkono wako huo ufunge kamba."

Akapika upya. Dakika ishirini na tano, kwa saa ya ukutani. Nilingoja bila aibu, na hilo ni jipya. Zamani ningekula kwa kuwaonea haya. Samaki alikuwa mtamu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu baki alinipikia nikala bila kuhesabu kila tonge.

Jumamosi, 15 Machi

Tumbo kimya. Daktari aliwahi kunionya kuwa kimya si ushahidi. Lakini nimekipokea.

Binti kanyoosha koti langu. Akauliza tena: utamwambia? Nikamjibu hakuna haja, kila kitu kimepangwa. Akasema, haya, baba, wewe ndiye mwenye mipango.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hapa hapa mezani. Saa saba na nusu.

Dada ni mdogo. Hilo ndilo lililonishtua – nilikuwa nikimsubiri mtu mrefu. Alishuka kwenye behewa kwa kutanguliza mkoba, akanitazama kwa jicho lake moja zima, akasema nimekonda, huko hawakulishi? Hatukulia. Alinishika sikio, akalivuta, kama alivyofanya nilipokuwa nachelewa shule.

Kila kitu kilikwenda. Meza ya dirishani, kitambaa kipya. Mpishi ametuchungulia kupitia dirisha la jiko mara nne. Mhudumu kaja na sahani mbili akiwa ameweka mkono wake wa kulia nyuma, hadi nikataka kucheka. Dada aliagiza ninachokula mimi. Akapapasa kitambaa cha meza kwa kiganja, polepole, upande hadi upande. Tumekaa, akasema.

Kisha akafungua mkoba.

Mkate. Ameuoka mwenyewe, kwa jicho moja, kasafiri nao siku mbili ndani ya taulo. Akauvunja. Akavipima vipande kwa macho – kichwa kimeinama vile vile, mdomo umebanwa vile vile. Kikubwa akakiweka kwenye sahani yangu, juu ya samaki.

"Kula. Leo sikudanganyi, na mimi nina changu."

Makombo yametapakaa: kwenye wali, kwenye mchuzi, kwenye uma wangu. Akaangalia vidole vyake, akasema ngoja akanawe, nisimsubiri.

Mhudumu alikuja mbio kuchukua sahani. Nimemzuia kwa kiganja. Mpishi yuko dirishani, mwiko wa utepe mwekundu mkononi, ananitazama.

Nimewaeleza watu wote wa jiko hili. Nimemweleza kijana wa mlangoni aliyenicheka, muuza dawa, hata dereva wa teksi leo asubuhi. Amebaki mtu mmoja.

Nimeisogeza sahani pembeni kidogo – si mbali, aione. Nimevuta kiti chake karibu na changu, upande wa jicho linaloona.

Bomba la maji limefungwa. Namsikia akiuliza taulo iko wapi.