Meza Uliyoipanga Westerville

Jumatano, 12 Novemba

Baba Neema wangu,

Theluji ya kwanza imeanguka leo hapa North Buffalo, nyepesi tu, haijafunika hata majani. Nimerudi kutoka kazini Cheektowaga, nimekaa jikoni na koti langu mwilini. Nina furaha. Tangu ututoke mwezi wa pili sijaandika neno hilo.

Mzee Gervais, baba yake Chantal wa Louisville, alifariki wiki iliyopita. Alikuwa na pasipoti ya Burundi, lakini aliacha ombi azikwe Kigoma, pembeni ya mkewe. Ruhusa zisingepatikana kufikia Ijumaa, angezikwa hukuhuku Marekani, Louisville. Chantal alinipigia kwa sababu anajua ulikuwa na watu.

Nilifanya nilivyofundishwa shuleni. Barua mbili rasmi, balozi mbili, kichwa cha habari kimepigiwa mstari. Nilijibiwa kwa heshima: kila upande ulihitaji karatasi ya mwenzake itangulie. Hakuna aliyekosea. Ila Mzee alibaki katikati.

Nakiri, nilikuwa nakucheka. Kila Jumapili baada ya chai ulikuwa unawapigia watu wa ubalozi, kuuliza tu kama mafua ya watoto yamepona.

"Hao ni wakubwa," nilikuwa nasema. "Unawasumbua bure."

"Mkubwa naye ana mama anayeumwa mgongo," ulinijibu.

Na kwenye ile harusi ya Westerville, tulipokwenda Columbus, nilikununia. Ulihamisha viti ili Bi Mwanaidi wa ubalozi wetu wa Tanzania akae meza moja na Bwana Salvator wa ubalozi wa Burundi. Mimi ukanisogeza kwenye spika! Kisha ukawachokoza: migebuka, samaki wa ziwani, ni ya nani? Bi Mwanaidi akasema ya Kigoma. Salvator akasema Kigoma mnaikausha mpaka inakuwa kuni. Walibishana na kucheka hadi keki ikakatwa bila wao kuiona.

Jana asubuhi nilimpigia Bi Mwanaidi. Sikuanza na Mzee. Nilimuuliza hali ya mama yake.

Akaanza kuniomba radhi. "Mama Neema, tangu msiba wa Baba Neema nimeogopa kukupigia. Sikujua niseme nini. Nisamehe."

Tulilia kidogo, sote wawili. Ndipo nikamweleza.

"Kumbe ni kwa yule mwizi wa samaki? Kata simu, nampigia sasa hivi."

Haikupita nusu saa, Salvator mwenyewe akapiga. "Mama, dada yangu Mwanaidi amenitukana kwanza, shida yenu akaisema baadaye. Bon, haya basi, tumeelewana. Tunaandika saa ileile, kila barua itaje ya mwenzake."

Leo barua zote mbili zimefika. Mzee anasafiri Ijumaa, Chantal akimsindikiza.

Kwenye taarifa ya habari husema nchi mbili zimekubaliana. Sasa nikisikia hivyo nitajiuliza ni nani na nani waliwahi kutaniana, na nani aliyewapangia viti.

Jioni hii Chantal aliniuliza anishukuru vipi. Nilitaka kusema hakuna haja. Halafu nikasema lililokuwa moyoni: akifika Kigoma, Mzee akishalazwa karibu na mkewe na watu wakianza kusali, akutaje na wewe, Baba Neema, kwa sauti, wasikie.

"Na wewe je, mama?" akauliza.

"Na mimi mnikumbuke," nikamjibu.